Gari limefeli MOT: kutengeneza au kuachana nalo?

SWALI: Ndugu wahariri, naishi Reading, Uingereza. Nina Vauxhall Zafira ya dizeli ya mwaka 2011. Mwezi huu imefeli MOT (ukaguzi wa lazima wa kila mwaka): springi moja ya nyuma imevunjika, bomba la breki lina kutu, na bati la chini ya mlango wa nyuma limetoboka. Gereji wanataka pauni 1,150. Kila Jumamosi nakwenda London kwa mama mkubwa, nalala, narudi Jumapili. Nitengeneze au ninunue jingine? Na nikinunua, nianzie wapi?
– Msomaji, Reading

JIBU: Ndugu yetu, hayo mambo matatu yaliyo kwenye karatasi yako hayana uzito sawa. Springi ni kitu cha kuchakaa. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huila, na shimo moja linatosha kuimalizia. Bomba la breki nalo ni kazi ya saa chache. Ingekuwa ni hayo mawili tu, tungekwambia tengeneza, uendelee na safari zako.

Kutu ya bati ndiyo yenye neno. Mkaguzi hufelisha gari bati likioza ndani ya sentimeta 30 kutoka mahali panapofungwa mkanda wa kiti au vyuma vya magurudumu, kwa sababu hapo ndipo gari linapobeba nguvu likigongwa. Fundi atachomelea kiraka, utapita mwaka huu. Lakini kutu haianzii nje, inatokea ndani ya bati lililokunjwa, na mwakani itajitokeza pembeni ya kiraka hichohicho. Muombe fundi alinyanyue gari, uangalie kwa macho yako upande wa pili na fremu ya nyuma. Kama nako rangi imevimba na bisibisi inazama, usitie hela hapo.

Halafu kuna London. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ, ambamo magari yenye moshi mchafu hulipishwa, limeenea mitaa yote ya London, na dizeli zilizosajiliwa kabla ya Septemba 2015 kwa kawaida hazifikii kiwango chake cha usafi wa moshi, Euro 6. Malipo ni pauni 12.50 kwa siku, na siku huhesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku. Ukiingia Jumamosi na kutoka Jumapili umelipa mara mbili, pauni 25. Kwa wikiendi 48 ni pauni 1,200. Hiyo peke yake imepita bei ya matengenezo, na utailipa tena mwaka unaofuata. Kwa hali yako, achana na hilo gari.

Kabla hujaliondoa, soma lile neno lililoandikwa mbele ya kila kasoro. Kasoro ikiitwa ya hatari, gari halitoki pale kwa kuendeshwa, litavutwa. Kama hakuna ya hatari na MOT ya zamani bado haijaisha muda, unaruhusiwa kuondoka nalo.

Kuliuza bila MOT si kosa, mradi mnunuzi aelezwe ukweli. Ukiamua kulipeleka kwenye vyuma chakavu, tafuta kituo chenye kibali cha kuvunja magari, nao watakupa cheti cha kuharibiwa kwa gari. Mtu anayekuja na noti mkononi mkatae, kwani sheria ya Uingereza inakataza kulipa vyuma chakavu kwa pesa taslimu. Siku hiyohiyo waarifu DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, mtandaoni. Usipofanya hivyo, faini na malipo ya barabara yataendelea kukufuata kwa jina lako.

Sasa hesabu ya tarehe, ambayo wengi huikosa. Kodi ya gari haihamii kwa mmiliki mpya. Wewe unarudishiwa miezi mizima iliyobaki, na kwenye gari jipya unalipa tangu mwanzo wa mwezi ulionunua. Kwa hiyo la zamani litoe kabla mwezi haujaisha, hata tarehe 30, na jipya lichukue mwezi ukishaingia. Kinyume chake ni kulipa mwezi mmoja mara mbili.

Kuhusu gari la kununua, kama siku nyingi ni safari fupi za kazini na kupeleka watoto shule, chukua la petroli. Dizeli za siku hizi zina chujio la masizi, DPF, linalojisafisha moshi ukipata joto kali, yaani dakika 15 hadi 20 za mwendo wa mfululizo kwenye barabara kubwa. Safari za maili mbili haziliwashi, linaziba. Na ukimkuta muuzaji anayejisifu kwamba amelitoa, ondoka, kwa sababu gari lililotolewa DPF hufeli MOT. Petroli nyingi za kuanzia 2006 hazilipi ULEZ, lakini usikisie: ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London.

Namba hiyohiyo iingize kwenye tovuti ya serikali, bure, usome historia ya MOT. Fuata maili mwaka hadi mwaka. Zikishuka, mita imerudishwa nyuma. Kisha soma maonyo. Neno la kutu likijirudia miaka mitatu bila kushughulikiwa, umeshajua mwisho wake. Baada ya hapo lipia ukaguzi wa historia ili ujue kama gari lina deni au liliwahi kufutwa na bima. Kwa yaliyofutwa, alama S maana yake fremu iliumia, N si fremu. Gari lenye S tunashauri uliache.

Siku ya kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, uliza kwa nini. Fungua kifuniko cha oili. Ute mweupe kama uji chini yake waweza kuwa mvuke wa safari fupi tu, lakini maji ya rejeta nayo yakiwa yamepungua, gasketi ya kichwa cha injini inashukiwa. Washa, simama nyuma: moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Mwisho linganisha namba ya chesesi iliyo chini ya kioo cha mbele na iliyo kwenye kadi, V5C. Kadi yenyewe si uthibitisho wa umiliki, kwa hiyo dai na risiti.

Ukinunua kwa mfanyabiashara una siku 30 za kulirudisha likiwa na kasoro, kwa Sheria ya Haki za Walaji ya 2015. Kwa mtu binafsi huna haki hiyo. Bima iwe imeanza kabla hujageuza ufunguo, na usiinunue kwa dalali wa WhatsApp: vyeti vya bandia vinauzwa sana miongoni mwetu wageni, na kamera za polisi zinasoma namba, si karatasi.

SWALI: Viza yangu imebakiza miaka miwili. Duka la magari linanipa PCP (mkopo wa gari wenye malipo makubwa mwishoni) ya miaka minne. Nisaini?
– Msomaji, Birmingham

JIBU: Usisaini, dada au kaka. Sheria inaruhusu kulirudisha gari ukishalipa nusu ya deni lote, lakini kwenye PCP nusu hiyo inahesabiwa pamoja na lile rundo la malipo ya mwisho. Kwa hiyo mara nyingi hufikiwa baada ya nusu ya muda kupita, na ukiondoka nchini mapema unadaiwa tofauti. Nunua dogo kwa pesa yako, au chukua mkopo usiozidi muda wa viza.

SWALI: Naweza kulipeleka gari langu la 2014 Mombasa?
– Mkenya, Leicester

JIBU: Hapana. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 mwisho ilikuwa ya 2018. Msamaha wa ushuru kwa mkazi anayerejea, unaotaka uwe umelimiliki na kulitumia gari miezi 12, haufuti kikomo hicho. Tanzania hawana katazo la umri, ila gari la zaidi ya miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kabla hujalipa meli.