Bladi ya Guka

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kaptembwa, Nakuru. Baba mkwe wangu, ambaye watoto humwita Guka, ana miaka 84, na ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya wazungu kule Njoro. Kitu kikimuudhi tu ni bladi: bladi kuku, bladi redio, bladi mvua. Sasa mwanangu wa Gredi ya 4 ametangaza darasani kwamba penseli yake ni bladi penseli, na mimi nimeitwa shuleni. Mchungaji wetu anasema neno hilo ni kuikufuru damu ya Yesu. Mume wangu anasema maana yake ni "sana" tu, nisijisumbue. Nani mkweli?
– Mama Kijana

JIBU: Mama Kijana, mumeo amekaribia zaidi, ila usimwambie kabla hujamaliza kusoma.

Mchungaji naye hakubuni, maana bladi ni "bloody" ya Kiingereza, yaani "ya damu". Waingereza wa kale waliapa kweli kwa damu ya Mungu, kiapo wakakifupisha kikawa "'sblood". Michezo ya kuigiza ilijaa viapo vya namna hiyo hadi mwaka 1606, Bunge lao lilipopitisha sheria ya kumtoza pauni 10 yeyote anayelitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Wengine hudai kwamba "bloody" ni "by our Lady", kiapo cha Bikira Maria kilichotafunwa na ndimi za walevi. Hadithi tamu, lakini sarufi inaikataa. Kiapo hujisimamia chenyewe, kama "wallahi" au "haki ya Mungu". Bladi tangu karne ya 17 huja kukipa uzito kivumishi kinachofuata: bladi mlevi, bladi baridi. Mwaka 1711 Jonathan Swift, kasisi wa Kianglikana, aliwaandikia marafiki zake wawili wa kike kwamba baridi imeanza kuwa ya bladi naye hana kizibao. Kasisi kuandikia akina dada kufuru kwa ajili ya kizibao? Sidhani.

Mimi naona neno limetoka kwenye damu yenyewe, ile ya kutisha. Kitu cha kutisha hugeuka kipimo cha wingi, na sisi tunafanya vivyo hivyo kila siku. Vijana wa Nakuru husema chai ni tamu mbaya, nimekumiss mbaya. Ubaya uko wapi katika chai tamu? Wapo pia wanaolirudisha kwa vijana wa koo za kitajiri wa London, waliojiita "damu" kwa sababu ya nasaba zao. Walikuwa wakinywa na kufanya fujo mitaani, na ulevi wa kupindukia ukaitwa ulevi wa "damu". Huenda njia hizo mbili zilikutana mahali.

Lililoliharibu ni midomo. Katika karne ya 18 bladi ilihamia kwa wachukuzi, mabaharia na wauza samaki, na watu waliojiona wastaarabu wakaanza kulikwepa. Magazeti yakaandika herufi ya kwanza na ya mwisho na kuweka kistari katikati. Mwaka 1914 mwigizaji Mrs Patrick Campbell, akicheza Eliza katika Pygmalion ya George Bernard Shaw jijini London, aliulizwa kama atatembea kwa miguu. Akajibu kwa lafudhi safi ya mabibi wakubwa kwamba thubutu, bladi hatembei, anapanda teksi. Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, maigizo yakasimama kwa muda. Eliza alikuwa muuza maua aliyefundishwa kuzungumza kama tajiri. Lafudhi ilibadilika, neno la mtaani likabaki.

Sasa niruhusu nikupeleke kwa maksai. Mwaka 1847 msafiri mmoja, Alexander Marjoribanks, aliandika kuhusu mswaga maksai aliyekutana naye huko New South Wales, Australia. Alihesabu bladi zake kwa robo saa, akapiga hesabu kwamba katika miaka 50 mtu yule angelitamka zaidi ya mara milioni 18. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana babu yangu, Kuka, alitoka Bungoma akaajiriwa Njoro kuswaga maksai wa plau. Mzungu wake aliwaita ng'ombe bladi, mvua bladi, plau bladi. Kuka hakusoma hata siku moja. Akaamua kwamba bladi ni aina ya ng'ombe.

Baada ya uhuru alipata shamba Lugari, akanunua dume lake la kwanza la kulimia. Akaliita Bladi. Nyanya yangu, mama wa Kanisa la Marafiki ambaye hata "mjinga" hakuwahi kumwambia mtu, alisimama ukingoni mwa shamba akipaza sauti, "Bladi! Toka kwenye mahindi!" Hakuna mzee wa kanisa aliyemwonya.

Lakini Kuka alilijua pia lile lingine, bladi fulu, yaani mpumbavu wa bladi, ambalo lilitamkwa kwake yeye, mtu mzima, watoto wake wakitazama, na kiboko kikiwa mkononi mwa msemaji. Hilo hakumpa ng'ombe. Hakulitamka kabisa hadi anakufa. Kwa hiyo mumeo akisema ni "sana" tu, mwulize: sana kwa nani?

Shuleni nenda, mama. Sema mtoto ameiga, naye atamwomba mwalimu radhi. Siyo kufuru, wala siyo tusi la nguoni. Ni utovu wa adabu wa kiasi cha penseli. Akianza kuliunganisha na "faken", kama wafanyavyo makanga, hapo ndipo la nguoni limeingia, na barua ya shule itakuwa halali. Guka muache na kuku wake. Ila siku moja ametulia, mwulize alilisikia kwa nani.

SWALI: Nilimwambia mgeni Mmarekani kwamba hapa Kisumu kuna bladi joto. Akacheka, akauliza kama nimelelewa Uingereza. Nimekosea wapi?
– Fundi Simu, Kondele

JIBU: Hukukosea. Marekani neno hilo halikuota mizizi kama tusi, kwa hiyo alichosikia ni Uingereza tu. Waaustralia walilizoea hadi mwaka 2006 wakalitia kwenye tangazo la kualika watalii, na televisheni za Uingereza zikakatazwa kwanza kulirusha. Joto la Kondele la mwezi wa pili linalistahili.