Maswali ya Wasomaji: Mtoto anaogopa upasuaji, video za mtandaoni zinasaidia?

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana miaka mitano na Jumatano ijayo anatolewa nyama za puani. Akiona koti jeupe tu analia. Wifi yangu amenitumia video za mtandaoni za kuwaandaa watoto, lakini mama mkwe anasema nisimwambie neno, nimdanganye tunaenda kununua viatu. Nimsikilize nani?
Mama Junior, Morogoro

JIBU: Pole, Mama Junior. Kwa hili wifi yako yuko sahihi. Mtoto aliyeahidiwa viatu atajua mlangoni mwa wodi kwamba amedanganywa, na baada ya hapo hata neno lako la kweli halitamtuliza.

Anza Jumapili. Kwa umri wake siku mbili tatu zinatosha. Aliyevuka miaka sita hupewa siku tano hadi saba ili apate muda wa kuuliza.

Video itazame wewe kwanza hadi mwisho. Inayofaa ni fupi, inamwonyesha mtoto wa rika lake akivalishwa gauni la hospitali, akilazwa usingizi kwa dawa, kisha akiamka. Yenye kisu au damu iache. Ipakue kabisa kwenye simu, maana mtandaoni ikiisha huweza kufuatiwa yenyewe na video ya upasuaji halisi.

Kosa linaloharibu kazi yote ni video isiyofanana na hospitali yenu. Nyingi zimetengenezwa Ulaya na Marekani: mzazi anaingia thieta (chumba cha upasuaji), mtoto analazwa usingizi kwa gesi ya barakoa. Kwenu huenda ukaachwa mlangoni, na dawa ya usingizi ikapitishwa kwenye kanula, kimrija kinachoingizwa kwenye mshipa wa mkono kwa sindano. Mtoto aliyezoeshwa barakoa akikutana na sindano ataona ametegwa. Kwa hiyo iulize hospitali mapema: atalazwa usingizi kwa gesi au kwa sindano? Nani ataingia naye? Ataamkia wapi? Ukishajua, zima sauti ya video umsimulie kwa Kiswahili, ukirekebisha: "Huyu ameingia na mama yake. Wewe utaingia na nesi, mimi nitakungoja hapa mlangoni."

Kama ni gesi, omba barakoa mkacheze nayo nyumbani. Ikikosekana, kikombe laini cha plastiki kinatosha. Avalishwe mdoli kwanza, kisha wewe, kisha yeye mwenyewe aishike na kuvuta pumzi kumi kama anayejaza puto. Mwambie gesi ina harufu. Kama ni sindano, uliza kama wana ganzi ya kupaka. Huchukua kama saa nzima kufanya kazi, hivyo ipakwe mapema.

Usimwahidi kwamba hakuna maumivu. Mwambie koo litauma na dawa ipo. Wala usirudierudie "usiogope": mpe hesabu, hadithi au wimbo. Mwaka 2007 daktari wa usingizi Zeev Kain na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa familia zilizoandaliwa hivi, kwa video, mazoezi ya barakoa nyumbani na wazazi kufundishwa kutuliza bila kubembeleza kupita kiasi. Watoto wale waliingia na hofu ndogo, wakahitaji dawa chache za maumivu na wakaruhusiwa mapema.

Nyumba nzima ijue saa za kufunga. Kwa kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe au ya kopo huachwa saa sita kabla, maji matupu saa mbili. Hospitali ikikupa saa zake, fuata hizo. Biskuti moja ya bibi alfajiri yatosha kuahirisha upasuaji, kwa sababu chakula kikipanda akiwa usingizini huweza kuingia mapafuni.

Akiamka anaweza kulia na kurusha mikono kana kwamba hakutambui. Mara nyingi hutulia ndani ya nusu saa. Mshike asijiumize, ongea naye polepole.

SWALI: Binti yangu wa miaka tisa atapasuliwa ngiri. Usiku anajitafutia habari kwenye simu, halafu halali. Nimnyang'anye?
Baba Neema, Dodoma

JIBU: Kumnyang'anya tu kutamwacha na alichokwisha kuona. Kaa naye akuonyeshe. Wa umri huo wengi huogopa kuzinduka katikati ya upasuaji na hawasemi, basi muulize wewe. Mweleze kwamba mtaalamu wa usingizi hatoki pembeni yake: anatazama mapigo ya moyo na hewa ya oksijeni kwenye mashine, na dawa anaiendeleza mpaka daktari amalize kushona. Maswali yatakayobaki ayaandike kwenye karatasi, aende nayo, amuulize mtaalamu huyo mwenyewe.