Walipwe, lakini si kutoka sanduku lile

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwanafunzi anayefanya stazhi, yaani mafunzo ya kazi, katika ofisi ya serikali anastahili kulipwa. Ndiyo, anastahili. Ningeweza kuishia hapo, ila swali lenu limenikuta nimetoka tu kukabidhi ripoti yangu ya stazhi, na kuna jambo linanikereketa ambalo hamkuliuliza: huyo mwanafunzi atalipwa na nani, na kutoka sanduku gani?

Nasoma uchumi hapa Lubumbashi, Kongo. Stazhi zetu mnazijua. Unachukua barua chuoni, unaipeleka ofisini, unasubiri muhuri, unarudi kuulizia muhuri, hadi siku moja unaambiwa "keti pale". Kalamu na karatasi unakuja navyo. Nauli ni yako. Mwenzangu mmoja wa Kipushi aliacha katikati kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula bukari, yaani ugali, ya nyumba nzima. Tuliobaki ni sisi tunaokaa karibu, au wenye shangazi mjini. Hilo peke yake linaniweka upande wa "ndiyo", na wale wanaosema uzoefu ndio mshahara nawaomba wampelekee mwenye nyumba huo uzoefu mwisho wa mwezi.

Nilipangwa katika ofisi moja ya mapato, jina lake nitaliacha. Nilikwenda kichwa kimejaa mambo ya darasani: Sheria ya Fedha za Umma ya 2011, ile 40% ya mapato ya taifa ambayo Katiba inasema ni ya majimbo, na mrabaha wa madini kwa Kanuni ya Madini ya 2018, yaani 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% miji, sekta na usultani wanakochimba, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Katanga hii, nani asiyezijua hesabu hizo? Wazee wastaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanabishana juu yake kwenye bia. Nilidhani nitaiona kobalti kwenye makaratasi. Nikapewa meza za soko.

Ilikuwa majira ya kuandaa makadirio ya mwaka ujao. Mkuu wa biro letu alikuwa mama mmoja, sote tukimwita Mama Shefu, mpole, mwandiko wake mzuri kuliko mashine. Daftari lake la kodi ya meza lilikuwa na jalada la kitambaa alilolishona mwenyewe. Nilimkuta anachukua kiasi cha mwaka uliopita na kuongeza kidogo juu yake. Nikamuuliza: "Mama, kwa nini tusihesabu meza?" Akaniangalia kwa muda. "Unataka kuhesabu, mwanangu? Nenda ukahesabu." Akanipa na kaka mmoja wa ofisini anisindikize hadi soko moja la Kenya, komuni ya hapa hapa Lubumbashi.

Tulianza asubuhi kabla jua halijakali. Mimi nachora vijiti kwenye daftari, vitano vitano, yule kaka anasalimia watu. Anajuana na kila mtu. Kila tulipofika kwenye meza tupu alisema, "Hiyo inalala, usiiandike." Mwanzoni nilimkubalia, maana kweli zipo zinazolala: malori ya unga yakikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wauza unga hawana cha kupanga, na huwezi kumtoza mtu kwa mbao. Lakini baadaye akaanza kunitajia zinazolala wakati mwenye meza ameketi nyuma yake anakula karanga. Mama mmoja wa samaki wadogo wakavu, kopo lake la kupimia limebonyezwa chini kidogo (na hilo nililiona, Mungu amsamehe), nilimuuliza kama analipa kila siku. Akanijibu bila kunitazama: "Nalipaka kila siku. Tiketi, siku ingine wananipa, siku ingine hapana." Yule kaka akacheka, akamwambia "Mama na maneno yako!", akanivuta mkono twende mstari wa sombe na lengalenga.

Sikwenda. Nilibaki mstari ule nikauliza meza baada ya meza, na jibu likawa lile lile, wengine kwa kunong'ona, wengine kwa hasira wakidhani mimi ndiye ninayekula. Tulipomaliza, vijiti vyangu vilikaribia mara mbili ya meza zilizoandikwa kwenye daftari la kitambaa.

Nikampelekea Mama Shefu. Sikutarajia apige makofi, lakini nilitarajia mjadala. Alivaa miwani, akaipitia karatasi yangu polepole hadi chini, akasema: "Tukiandika hii, mwaka ujao watatupangia kiasi hiki. Makuta haya, hizi pesa, hayafikagi hapa. Na wataanza kuuliza, je, ya mwaka jana yalikwenda wapi?" Kisha akaandika ile ile aliyokuwa ameanza nayo, ya mwaka jana na nyongeza yake. Nikauliza kama naweza kuweka hesabu yangu kwenye ripoti. "Weka, mwanangu. Ripoti ya stazhi hakuna anayeisoma."

Niliondoka nimemkasirikia. Leo hasira imepungua, na sababu yake ni hii: Mama Shefu mwenyewe hana mshahara. Ni wa wale tunaowaita NU (nouvelles unités, yaani watumishi wapya), barua ya kazi anayo tangu zamani, jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo Kinshasa. Anaishi kwa primu, yaani posho, na primu inakatwa kwenye kile kinachokusanywa. Yule kaka wa sokoni vilevile. Darasani tulifundishwa nadharia ya mtumaji na wakala wake, ya wanauchumi Jensen na Meckling, 1976, kwamba anayetumwa anaweza kufuata faida yake badala ya ile ya aliyemtuma, tukachora mishale ubaoni. Hakuna aliyetuonyesha wakala ambaye mtumaji wake hamlipi kabisa, kisha anamkabidhi vitabu vya tiketi.

Sasa mrudie mwanastazhi. Sema mnampa kitu, na kwa ofisi kama ile kitu hicho kitatoka wapi kama si kwenye primu hiyo hiyo? Ningekuwa napokea sehemu yangu kila wiki mkononi mwa yule kaka, ningechora vijiti vile vyote? Napenda kusema ndiyo. Lakini aliponiambia "hiyo inalala" mara ya kwanza, nilikubali bila hata kulipwa.

Kwa hiyo jibu langu limeanza "ndiyo" na sasa naona linaelekea kwenye "hapana", au tuseme hapana kwa ofisi za mapato. Wanaofanya stazhi kwenye mipango au takwimu, ambako hakuna mtu anayeshika tiketi, labda ni habari nyingine. Huko sikufika, siwezi kuwasemea. Kwa sisi wa mapato, naona nauli ndiyo, mshahara hapana, na nauli hiyo isipite kabisa kwenye mikono ya ofisi inayompokea mwanafunzi. Itoke chuoni. Ada tunalipa, na ripoti tunazowaletea zinawafaa kama kweli kuna atakayezifungua. Chuo kikisema hakina, hapo nakwama, maana sitaki kurudi kwenye stazhi za wenye shangazi mjini peke yao. Na kabla ya mwanafunzi yeyote, waanze na Mama Shefu na wenzake wa NU.

Mwenzangu wa Kipushi nimemsomea haya kwa simu kabla ya kuwatumia. Amesema niongeze kwamba yeye angepokea kutoka sanduku lolote, hata lile.