Mkataba wa miezi mitatu, kodi ya miezi sita

Kazi ya tempo, yaani ya muda mfupi, inalipa mwisho wa mwezi na inaisha baada ya miezi mitatu. Nyumba ya Dar es Salaam inalipiwa miezi sita kwa mkupuo, kabla hujaingiza hata godoro. Mhitimu aliyezoea kubebana hosteli na kusubiri bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, hukutana na kalenda hizi mbili kwa wakati mmoja, na nyumba nyingi za pamoja huvunjika hapo. Watu husema walishindwa kuelewana tabia, lakini ukichimba unakuta hawakuwahi kukaa chini kuzungumza mkataba wa nani unaisha lini.

Anza na mshahara wa mkononi, maana ule ulioandikwa kwenye barua hautaushika. Chukua mfano wa shilingi 500,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 50,000. Zinabaki 450,000 ambazo ndizo zinakatwa kodi ya mapato: 270,000 za kwanza hazikatwi, 180,000 zinazozidi zinakatwa asilimia 8, sawa na 14,400. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 75,000. Mkononi unabaki na 360,600. Tofauti ya karibu 140,000 ndiyo inayowaumiza watu, kwa sababu walishaahidi nyumba wakihesabu laki tano.

Ofisi nyingine haikuajiri, inakulipa kama mtoa huduma. Hapo hakuna NSSF; kuna zuio la asilimia 5, yaani kodi inayokatwa kabla hujalipwa. Kwenye malipo ya 400,000 unapokea 380,000, na ni haki yako kupewa cheti cha zuio, kwa hiyo kidai. Utahitaji namba ya mlipakodi, ambayo TRA, mamlaka ya mapato, hutoa bure. Usimlipe mtu wa stesheneri akuuzie. Aina ya tatu ni kujitolea kwa posho. Posho hiyo mara nyingi haina makato lakini pia haina tarehe. Katika ofisi za serikali mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, na mara nyingi malipo ya vibarua ya Julai husubiri bajeti mpya ifunguke. Mtu wa posho asiwe ndiye anayeshika zamu ya kulipa kodi ya nyumba mwezi wa saba.

Siku ya kwanza kazini omba karatasi inayosema mambo manne: aina ya mkataba, tarehe ya kuanza na kuisha, kiasi, na tarehe ya malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, kwa hiyo huombi hisani. Anayekutaka utoe "hela ya fomu" au "hela ya vipimo" ili upate nafasi ya tempo, achana naye hapohapo, hata kama ana ofisi nzuri Posta, katikati ya jiji.

Sasa nyumba. Kipimo ninachokiamini ni hiki: sehemu yako ya kodi pamoja na akiba ya nyumba isizidi theluthi moja ya pesa ya mkononi. Kwa 360,600 ni 120,000. Kwa hiyo nyumba ya 450,000 kwa watu watatu haikufai, hata iwe karibu na kazi namna gani. Nyumba ya 300,000 yenye vyumba vitatu, kimoja masta, inawezekana. Msigawe sawa kwa sawa, kwa sababu mwenye masta ana choo chake: alipe 120,000 na wengine wawili 90,000 kila mmoja. Kuingia ni kodi ya miezi sita, 1,800,000, na udalali wa mwezi mmoja, 300,000. Jumla 2,100,000. Mwenye masta anatoa 840,000, wengine 630,000 kila mmoja.

Hiyo 630,000 haitoki kwenye mshahara wa kwanza. Kama una shangazi au mjomba mjini, kaa kwake miezi miwili ya mwanzo hata kama ni mbali, na usikae bure: nunua umeme, beba mchele wa mwezi. Heshima hiyo itakusaidia siku utakapohitaji kurudi. Njia nyingine ambayo watu huisahau ni kumalizia kodi ya mtu. Mpangaji anahama akiwa bado na miezi miwili au mitatu, wewe unamlipa miezi hiyo na kuingia. Inalingana vizuri na mkataba wa miezi mitatu. Sharti lake ni moja: pesa itolewe mbele ya mwenye nyumba na iandikwe, la sivyo utakuja kuambiwa aliyekupokea fedha hakuwa na mamlaka ya kuleta mtu. Wapo pia wenye nyumba wanaokubali miezi mitatu mitatu. Uliza moja kwa moja, maana dalali hatakuambia.

Mtaa uchaguliwe kwa idadi ya magari utakayopanda kwenda kazini. Tuseme gari moja ni 600 na unafanya kazi siku 22: ukipanda gari moja kwenda na moja kurudi ni 26,400 kwa mwezi, ukiunganisha mawili ni 52,800. Anayefanya kazi Posta au Kariakoo anafaidika akikaa kando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi, Kimara kwa mfano, kuliko kuwa "karibu" kwenye ramani lakini anaunganisha Buguruni. Hesabu pia bodaboda ya kutoka kituoni usiku. Nyumba ya bei rahisi iliyo ndani sana inakurudishia gharama hapo.

Nendeni kuiona nyumba mara mbili, mara ya pili jioni. Fungueni bomba la juu kabisa, maana maji yanayotoka chini saa nne asubuhi yanaweza yasifike bafuni saa moja jioni mtaa mzima unapochota. Ulizeni simtanki ni la lita ngapi na nani anawasha pampu. Watu watatu wakitumia madumu matatu ya lita 20 kila mmoja kwa siku ni lita 180, kwa hiyo tanki la lita 1,000 linawapeleka siku tano na nusu hivi maji yakikatika. Tazameni kuta za nje karibu na ardhi. Mstari wa tope uliokauka unaeleza masika iliyopita kuliko maneno ya dalali. Ulizeni shimo la choo linanyonywa kwa gharama ya nani. Kisha LUKU, umeme wa kulipia kabla: mita ni yenu peke yenu au mnachangia na nyumba ya nyuma? Kodi ya majengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na nyumba iliyokaa tupu huwa imelimbikiza miezi. Mtu ananunua umeme wa kwanza wa 10,000 na kushangaa uniti zilizotoka. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mkubaliane mapema kwamba itapunguzwa kwenye pango.

Makubaliano ya ndani

Mkataba wa pango uwe na majina yote. Mwenye nyumba akisisitiza jina moja, andikeni karatasi yenu ya pembeni, wote msaini, mkaipigishe muhuri serikali ya mtaa mnapokwenda kujitambulisha. Wazo la "sisi ni marafiki" ndilo linalomwacha mmoja akidaiwa na mwenye nyumba peke yake.

Kodi ya awamu ijayo ianze kuchangwa mwezi uleule mlioingia. Kila aliye na chumba cha 90,000 aweke 90,000 ya kodi na 15,000 ya akiba ya nyumba. Baada ya miezi sita akiba yake inatosha mwezi mmoja wa pango. Pesa ikae kwenye akaunti ya kikundi ya simu au benki ambayo mtu mmoja hawezi kuitoa bila wenzake kuidhinisha. Ikikaa kwenye simu ya mtu binafsi, siku ya msiba au ya ada ya mdogo wake itatumika, na atakuwa na sababu nzuri kabisa.

Kila mmoja ataje tarehe mkataba wake wa kazi unapoisha, na tarehe hizo zibandikwe pale mnapoona wote. Mikataba mitatu ikiisha mwezi mmoja mmekaa vibaya. Bora mtafute mwenzenu wa nne mwenye ajira ya kudumu, hata kama nafasi itabana. Halafu andikeni la kufanya mtu akikosa kazi. Sentensi zinazofanya kazi ni fupi: akiba itamlipia mwezi mmoja, wenzake watamlipia mwezi wa pili kama deni, mwezi wa tatu analeta mtu wa kuchukua chumba na wenzake wanamkubali au kumkataa. Anayeondoka kwa hiari yake katikati ya awamu hadai wenzake kodi iliyobaki. Anamdai mtu atakayemleta. Mzungumze haya wote mkiwa na kazi. Ni vigumu sana kuyaanzisha mbele ya mtu aliyeachishwa jana.

Umeme unaleta ugomvi mwingi kuliko unavyostahili, kwa sababu watu wanalaumu kifaa kisichohusika. Kwa bei ya kawaida, 1,000 inatoa uniti 2.8 hivi. Feni ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa nane inakula nusu uniti. Pasi ya wati 1,200 kwa robo saa ni uniti 0.3. Jiko la umeme la wati 1,500 kwa saa moja ni uniti 1.5, yaani zaidi ya 500 kwa sufuria moja ya maharage. Kwa hiyo acheni kupigana kuhusu feni iliyosahaulika. Maharage yahamishieni kwenye gesi, na mwenye friji yake chumbani aongeze mchango, kwa kuwa friji ndogo hula kama uniti moja kwa siku. Kama mita iko kwenye daraja la matumizi madogo, kikomo ni uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi bei yake hupanda sana. Nyumba ya watu watatu yenye friji na jiko la umeme hupita hapo bila taabu.

Chakula kikavu nunueni pamoja kwa mwezi: mchele kilo 15, unga kilo 10, maharage kilo 4, mafuta lita 3, sukari kilo 3. Mboga kila mtu na zamu yake. Daftari la madeni la mangi, mwenye duka, liwe na jina la mtu, lisiwe la "nyumba". Mgeni siku tatu. Zaidi ya hapo anachangia maji na umeme.

Kujifanya mtu wa kuitwa tena

Tempo inaongezwa kwa mtu ambaye kazi yake haihitaji kurudiwa. Kwenye kuingiza data, makosa matatu ndiyo yanayorudisha watu nyuma. Excel huondoa sifuri ya mwanzo ya namba ya simu. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, lakini Excel hutunza 15 tu, na tano za mwisho zinageuka sifuri bila kukuonya; ukishahifadhi faili hivyo, hazirudi. Suluhisho la yote mawili ni kuibadilisha safu iwe ya maandishi kabla hujaandika namba ya kwanza. La tatu ni tarehe: kompyuta iliyopangwa Kimarekani husoma 03/04 kama tarehe 4 Machi. Angalia mpangilio wa mashine kwanza, na hifadhi nakala mpya kila jioni ikiwa na tarehe kwenye jina.

Ukiwekwa masjala, ofisi ya kutunza barua na majalada, kila barua inayoingia igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe kwenye rejesta, ipewe namba ya folio (nafasi yake ndani ya jalada), kisha iingie kwenye jalada lake. Usiifungulie jalada la muda kwa sababu umekosa lake. Barua nyingi "zilizopotea" zimo humo.

Zikibaki wiki nne, fanya mambo ya kazi na ya nyumba kwa pamoja. Muulize msimamizi kwa maandishi kama mkataba unaongezwa. Kama hauongezwi, omba hati ya utumishi; sheria inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma. Hakikisha michango ya NSSF inaonekana kwenye akaunti yako, si kwenye hati ya mshahara tu. Ukiwa na dai la malipo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hulipokea ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, lakini la kuachishwa kazi isivyo halali lina siku 30 tu, na kwa kawaida halimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Jioni hiyohiyo waambie wenzako, ili mwezi ule ambao akiba inakulipia uanze kuhesabiwa ukiwa bado na mshahara mmoja wa kupokea.