Usiweke jina hilo kwenye sabuni

Ndugu, umeuliza kama jina "Gift" litafaa kwa sabuni utakayouza Ulaya. Waingereza watasoma zawadi, lakini kwa Kijerumani Gift ni sumu! Kiswidi kinanishangaza zaidi: gift ni sumu, na pia ni aliyeoa au kuolewa. Mzizi ni mmoja, wenye maana ya kutoa. Kwa Wajerumani neno lilianza kama kitu alichopewa mtu, likawa dozi ya dawa, mwishowe sumu. Ila mali anayokwenda nayo bibi harusi bado huitwa Mitgift. "Mist" nalo liache, kwao ni samadi.

Tafuta jina jingine, na kabla hujachapa lebo mpe mzawa wa kila lugha alisome kwa sauti. Kamusi haina maneno yote ya mtaani.