Bwawa zima, daraja la juu la hatari: inakuwaje?

Ndugu, umeuliza kwa nini bwawa lako dogo la udongo, lisilo na ufa wala kuvuja, limewekwa daraja la juu la hatari. Daraja hilo halipimi uzima wa tuta. Linapima yatakayowapata walio chini yake siku likipasuka. Watu wakijenga bondeni, daraja linapanda hata kama wewe hujagusa koleo. Hali ya tuta lenyewe hukaguliwa kwa kipimo kingine.

Na udogo usikudanganye. Bwawa la udongo la Kelly Barnes, mali ya chuo binafsi huko Toccoa, Georgia, Marekani, lilipasuka usiku wa manane tarehe 6 Novemba 1977, likaua watu 39. Wengi walikuwa wamelala!

Kwa hiyo zunguka kitako cha tuta, upande mkavu, hasa baada ya mvua kubwa. Ukikuta maji yanachuruzika, yakinge kwenye chupa angavu uyaache yatulie. Yakiwa safi, pima kiasi chake na uandike tarehe. Yakiacha tope chini, tuta linaliwa kwa ndani: mwite mhandisi saa hiyohiyo na uwatahadharishe walio bondeni. Maji yashushwe taratibu, maana yakishuka ghafla mteremko wa tuta upande wa maji huweza kuporomoka.

Miti je? Usiiache ikue juu ya tuta. Mzizi ukioza huacha mwanya, na maji hayahitaji zaidi ya huo.

Namba za simu za majirani wa bondeni unazo?