Maswali na Majibu: Shule, Karantini na Wanaosahauliwa

Virusi vya korona havichagui mtu. Kwa nini mnaingiza jinsia na rangi katika suala la afya?

Swali hili nimekwisha kulijibu mara kadhaa, na ningewaomba wanaolituma wasome kwanza majibu yaliyotangulia. Virusi havichagui, wanaochagua ni waandishi wa amri. Tarehe 4 Julai 2020 serikali ya jimbo la Victoria, Australia, ilifunga ghafla majengo 9 ya nyumba za umma mjini Melbourne, na wakazi wapatao 3,000, wengi wao wahamiaji na wakimbizi, wakajikuta wamezingirwa na polisi na hawaruhusiwi kuvuka mlango, ilhali majirani zao waliendelea kutoka kununua chakula. Desemba ya mwaka huo mchunguzi wa malalamiko ya umma wa jimbo alibainisha kwamba ufungaji huo wa papo kwa papo ulikiuka haki za binadamu.

Shule zilipofungwa, masomo ya redio na intaneti hayakutosha?

Hayakutosha. UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, ilikadiria mwaka 2020 kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakufikiwa nayo kabisa. Hata palipokuwa na simu, mara nyingi ilikuwa moja, ya baba, inayorudi nyumbani jioni. Kaka akatangulia kuishika kwa kuwa ana mtihani, na dada, aliyeambiwa amalize vyombo kwanza, akaipokea chaji imekwisha. Anayehesabu simu bila kuuliza nani anazishika asituletee takwimu zake.

Je, shule zifungwe tena janga jingine likija?

Asifunge asiyejua atafungua lini: Uganda ilizifunga Machi 2020, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022.

Binti yangu alijifungua wakati shule zimefungwa. Bado ana haki ya kurudi?

Anayo, mama, wala usikubali kuambiwa vinginevyo kwa mdomo tu. Sierra Leone ilipofungua shule baada ya Ebola mwaka 2015, iliwazuia wasichana wenye mimba inayoonekana wasikae darasani na wenzao. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilitamka Desemba 2019 kwamba huo ni ubaguzi, na zuio likaondolewa mwishoni mwa Machi 2020, wakati shule zikifungwa tena kwa sababu ya korona. Walioumizwa na zuio hilo walikuwa wamekwisha kupoteza miaka. Kwa hiyo usingoje muhula mwingine. Nenda na binti yako shuleni, panga mapema nani atamlea mtoto saa za masomo, na mwalimu mkuu akimkataa, mwombe aandike sababu na kutia sahihi, kisha uipeleke karatasi hiyo kwa ofisa elimu.